Mabasi au Mabati

Jumatatu, 18 Novemba 1974

Kamati imekubali! Naandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Mkoa utatoa fungu la mambo mawili: mabasi mawili ya abiria wa mjini, na matengenezo ya lile ghala la zamani la karanga mwisho wa mtaa wa maduka, ligeuzwe ukumbi wa mikutano. Mpango ni wangu. Mimi Veronika, Afisa Mipango, niliyeletwa hapa kutoka baridi ya Njombe nikaona nimeletwa kuchemshwa, leo nimesimama mbele ya wanaume wazima na sauti haikutetemeka.

Niliwaambia walichokuwa wanakijua. Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga, barabara pana, viwanja vikubwa, kisha karanga zikagoma. Tangu wenye maduka wengi waondoke, mtaa wa maduka ni milango iliyofungwa na mbuzi waliolala barazani. Watu wapo, lakini wako Chuno, Ligula, Shangani, Mikindani, kila mmoja kwake. Katikati ya mji hapana mtu. Nikasema: mtu apate njia ya kufika na sababu ya kuja, maduka yatafunguka yenyewe.

Sababu ya kuja tunayo, tukiiwahi. Aprili kuna mkutano wa kisomo wa kanda ya kusini, walimu wa elimu ya watu wazima kutoka mikoa yote ya huku. Lindi wanautaka. Sisi tutaupata tukiahidi ukumbi.

Aliyenipinga ni mmoja tu, Bi Salma, mwenyekiti wa akina mama wa UWT wa Chuno. Mfupi, kanga imefungwa kifuani, sauti ya kupigia watu kelele ng'ambo ya bonde.

"Ndugu Mwenyekiti, basi ninaliona. Basi nitalipanda. Huo ukumbi ni wa nani? Wakubwa watakuja na magari yao, watakula pilau lao, wataondoka. Sisi tutachungulia dirishani. Hela ya ukumbi ikanunue basi la tatu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa adabu. Yule mama ana kelele.

Jumanne, 19 Novemba

Joto. Harufu ya mabibo ya mikorosho imefika mpaka ofisini.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda ghalani na Mhandisi Mikaeli. Ni mtu wa Moshi, soksi nyeupe, kalamu tatu mfukoni. Kuta ni nzima. Paa halipo kabisa, mabati yalishachukuliwa zamani, na kenchi, zile mbao za kubebea paa, zimeoza. Ndani kumeota mpapai.

Mikaeli alisimama katikati akafungua mikono. "Hapa jukwaa. Pale milango miwili mipana. Juu mabati mapya, meupe, mtu aliye melini ayaone yanang'aa kabla hajatia nanga." Sijawahi kumwona akitabasamu hivyo. Nikajikuta nami nayaona yanang'aa.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua ya kwanza. Nilikuwa Chuno natafuta mahali pa kuweka vituo vya basi, Bi Salma akanitokea na kikapu kichwani.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini na huo mwavuli? Nampelekea dada chakula hospitali ya Ligula. Twende, upime kwa miguu."

Nikaenda naye. Njiani tulikutana na wanawake wengi wenye vikapu kama chake, wanakwenda Ligula au wanarudi. Mvua ikatushika. Viatu vyangu vikabaki kwenye tope, nikavibeba. Yeye alifunika kikapu kwa kanga yake ya kichwani, akalowa nywele, na hakunyamaza hata kidogo: bei ya chumvi, mkwe wake wa Ziwani anayelima korosho, nani kaachika. Tulipofika uji ulikuwa umepoa. Dada yake aliunywa hivyo hivyo, akasema ni mtamu.

Kelele zake zina mahali zinapotoka. Lakini kuhusu ukumbi bado amekosea.

Jumatatu, 6 Januari 1975

Tumepewa mkutano! Simu ya maandishi imefika asubuhi. Aprili, siku nne, Mtwara. Mkurugenzi wa ofisi yetu alitoka chumbani kwake mwenyewe kunishika mkono. Mikaeli anaimba kwenye korido, na hajui kuimba.

Mume wangu Josephu, karani wa shehena bandarini, kaleta pweza. "Mama Stefano, leo tunakula kwa heshima ya Lindi walioukosa," akasema.

Ijumaa, 17 Januari

Mvua.

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Mafundi wamemaliza kenchi mpya, mbao nzuri za mninga. Mikaeli anazipapasa kama ng'ombe wa mnadani.

Jumatatu, 3 Februari

Mvua tena. Kuta za ofisi zinatoka jasho.

Alhamisi, 13 Februari

Habari mbaya. Rufiji imefurika, kivuko kimesimama, barabara ya Dar es Salaam imefungwa mpaka Mungu apende. Mabasi yetu yako Dar. Mabati yetu yako Dar. Sasa kilichobaki ni meli.

Jumatatu, 3 Machi

Mkono umechoka lakini lazima niandike yote.

Saa nne asubuhi Josephu aliingia ofisini kwangu amelowa. Haji ofisini kwangu kamwe, nikajua kuna jambo. Nyuma yake akaja tarishi na simu ya maandishi. Wakala wetu wa Dar anasema meli ya pwani inaondoka kesho kutwa, imejaa mbolea na chakula cha msaada. Imebaki nafasi ya mzigo mmoja. Mabasi au mabati. Jibu leo hii.

"Na inayofuata?" nikamuuliza Josephu.

"Mwisho wa Aprili. Labda Mei. Hiyo ndiyo niliyokuja kukwambia, usijidanganye kuna nyingine."

Mkurugenzi yuko Newala, na njia imekatika. Nilipiga simu, nikasikia mngurumo tu kama bahari. Mwenyekiti wa kamati mgonjwa wa malaria, hata jina lake halijui. Nikamwita Mikaeli.

Hakufikiri hata kidogo. "Mabati! Unauliza nini? Mkutano ni Aprili. Wajumbe watakuja na magari ya serikali, mabasi wanayahitaji ya nini? Bila paa hakuna ukumbi, bila ukumbi hakuna mkutano, Lindi wanatucheka mpaka uzeeni."

Alisema kweli. Nilichukua kalamu niandike MABATI. Nikaandika herufi mbili za kwanza, mkono ukasimama. Bado ningeweza kumalizia upande wowote.

Niliondoka nikaenda mtaa wa maduka, kwenye mvua, nikasimama katikati ya barabara. Hakupita mtu. Nikaliangalia ghala na kenchi zake, nikajaribu kuona mkutano: magari yamepangwa nje, watu ndani chini ya mabati yanayong'aa, siku nne. Halafu siku ya tano. Magari yameondoka, ukumbi umefungwa kufuli, na mtaa uko vilevile, mvua na mbuzi. Bi Salma alikuwa ameiona siku ya tano tangu Novemba. Mimi nilikuwa sijaitazama.

Paa linaweza kuezekwa kwa kitu kingine. Basi halina cha kushika nafasi yake.

Nimerudi nikaandika: LETENI MABASI. Nikaweka sahihi yangu, si ya ofisi. Kama ni kosa, lisimpate mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Mikaeli hajanipa mkono. Aliniambia neno moja tu, mlangoni: "Umeezua ukumbi wangu." Akaondoka. Ningependa angepiga kelele.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Bi Salma baada ya swala ya Ijumaa. Nyumba yake ya udongo imefagiwa hadi inateleza. Alinipa muhogo wa kuchemsha, akasubiri nimalize, ndipo akauliza.

"Nasikia umechagua mabasi."

"Ndiyo."

"Vizuri. Sasa umekuja kuomba nini?"

Nilicheka, maana ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia: kenchi zipo, minazi ipo pwani nzima, wanaojua kusuka makuti wako Chuno na Ziwani. Naomba watu tuezeke ukumbi kabla ya mkutano.

Alitazama mlangoni, mvua inapodondokea. "Hapana."

"Bi Salma..."

"Nisikilize. Mwaka juzi tulichimba msingi wa jengo moja hapa, sitalitaja. Tulibeba mawe vichwani, na nyimbo tuliimba. Likaisha, likawekwa askari mlangoni. Nilikwenda na wenzangu kuomba tufanyie mkutano wetu, tukaambiwa andikeni barua. Nani kati yetu wakati huo alijua kuandika barua?" Akanigeukia. "Nikiezeka, nataka kuingia. Si kwa kuomba. Harusi za watoto wetu, ngoma zetu, mikutano ya akina mama. Siku zetu zijulikane kama siku za wakubwa zinavyojulikana. Ukiniletea hilo, nitakuletea paa."

"Sina mamlaka ya kuahidi hilo."

"Najua. Kayatafute."

Jumatatu, 10 Machi

Kamati. Mkurugenzi kafika, matope mpaka magotini, gari lake limelala njiani mara mbili. Nilidhani atanifokea kwa ile sahihi. Aliniambia tu, "Endelea, tusikie unavyotoka humo."

Nikatoa maombi ya Bi Salma. Yeye mwenyewe alikaa pembeni, kanga imekazwa, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Wajumbe walinung'unika. Mmoja akasema ukumbi wa serikali hauwezi kuwa uwanja wa ngoma. Mwingine akasema tukianza hivyo, kesho watataka kulala humo.

Nikasema, "Ndugu zangu, tulitaka watu warudi katikati ya mji. Hawa ndio watu. Hakuna wengine wanaokuja na meli."

Kisha Mikaeli akainua mkono. Nikajua nimekwisha.

"Mimi ni mhandisi," akasema, bila kunitazama. "Nilitaka mabati, na bado nayataka. Lakini jengo lisilotumika huoza haraka kuliko linalotumika, hata liwe la mabati. Wakiezeka wao, sina hoja ya kuwafungia mlango. Ninachotaka ni mteremko wa paa uwe mkali, maji yasituame. Huo nitausimamia mwenyewe."

Kura zimepita. Bi Salma alisimama, akaenda moja kwa moja kwa Mikaeli, akamwambia, "Kesho uje umevaa kaptula. Hizo soksi uache nyumbani." Chumba kizima kiliangua kicheko, na Mikaeli akacheka mpaka akavua miwani.

Jumanne, 18 Machi

Meli imetia nanga, baada ya kupitia bandari zote za njiani! Josephu alinipitisha getini. Mvua ilikuwa imekatika, gati lote linafuka mvuke. Winchi ikainua basi la kwanza, la rangi ya samawati, likaning'inia hewani likizunguka taratibu, magurudumu yakitiririka maji, na wapakuzi wote wakavua kofia kama watu walio kanisani. Lilipogusa chini, mtu alipiga kelele, "Ndugu abiria, mnakaribishwa!" na gati likalipuka kwa vigelegele. Wanaume wazima wanapiga vigelegele!

Mara betri ikagoma. Tukalisukuma basi la kwanza la mji wa Mtwara kutoka bandarini, wapakuzi, makarani, mimi na gauni langu la ofisini. Likaguruma pale mteremkoni. Sijui nililia lini, niligundua tu uso umelowa na mvua hainyeshi.

Jumamosi, 22 Machi

Safari ya kwanza ya basi haikuwa ya abiria, ilikuwa ya makuti. Dereva Rashidi alitupeleka Ziwani. Tulikuta kijiji kizima barabarani, makuti yamesukwa, yamefungwa mafurushi, yamepangwa kama kuni za harusi. Wazee wakaingia kwanza, wakakaa kwenye viti kwa uangalifu na kuweka mikono magotini. Vijana wakapanda juu na makuti. Mkwe wa Bi Salma aliniuliza, "Basi hili litarudi na siku nyingine?" Nikamwambia, kila siku ya soko. Akamgeukia mwenzake akamweleza kwa Kimakonde, na neno likasafiri hadi viti vya nyuma, wakaanza kuimba. Waliimba mpaka mjini.

Jumanne, 25 Machi

Maulidi. Kazi imesimama. Nimealikwa Chuno, nimekula mpaka nikaona aibu.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Kazi imesimama. Bi Salma kaalikwa kwetu, kaleta kuku wake mwenyewe "ili nyama yenu ibaki ya watoto".

Alhamisi, 3 Aprili

Paa limefika kileleni. Mikaeli yuko juu kutwa nzima, kaptula, miguu mitupu, kamba ya usumba wa nazi mdomoni. Anagombana na mafundi wa Ziwani kuhusu mteremko na wao wanagombana naye kuhusu mafundo. Wamekuwa marafiki wakubwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Dhoruba. Ilianza adhuhuri, upepo wa baharini, ukang'oa miembe Shangani. Nilikimbia mpaka mtaa wa maduka nikakuta wengine wameshafika, wamesimama mvuani wanatazama juu. Upande wa mashariki paa lilikuwa linapumua, linapanda na kushuka. Kisha kipande chake kikaondoka, kikaruka kama ndege mkubwa, kikaenda kutua juu ya maduka.

Mikaeli alikaa chini kwenye baraza, mikono kichwani. Wiki moja imebaki. Nikafikiri: hii ndiyo ile sahihi yangu.

Bi Salma akanigusa bega. "Hesabu kilichobaki, si kilichokwenda. Pembe tatu zimeshika. Unaona? Zimeshika!" Nikatazama. Zilikuwa zimeshika. Upepo ule umeezua mabati ya shule na ya nyumba ya mkubwa mmoja Shangani, na makuti yetu yameshika pembe tatu.

"Rashidi!" akaita yule mama kwa sauti ile ya kuvuka bonde. "Washa basi!"

Jumatano, 9 Aprili

Limezibwa. Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, hata wa Mikindani ambao hatukuwaita. Mikaeli kaongeza fito na kufunga mara mbili. Mvua imenyesha mchana kutwa na ndani ni pakavu. Nililala chali sakafuni katikati ya ukumbi, nikasubiri tone. Halikuja.

Jumatatu, 14 Aprili

Mkutano umefunguliwa. Wajumbe walipoingia walitazama juu. Nilikuwa nangoja kucheka kwao. Mwalimu mmoja wa Songea akavuta pumzi ndefu, akasema, "Loo, hapa kuna hewa! Kwingine kote tumekaa chini ya mabati tukaiva." Mikaeli alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akijikohoza kwa fahari.

Ndugu waliovuka Ruvuma, wageni wetu kutoka Msumbiji inayongoja uhuru wake, wamekaa safu ya mbele. Bi Salma anawatafsiria kwa Kimakonde, na anaongeza ya kwake, maana wanacheka mahali ambapo hotuba haichekeshi.

Akina mama wa Chuno wamefungua mgahawa katika duka lililokuwa limefungwa miaka yote hii. Karibu nao kuna kinyozi. Karibu na kinyozi, fundi cherehani.

Jumanne, 15 Aprili

Sina nafasi ya kuandika. Chai imeisha mji mzima!

Alhamisi, 17 Aprili

Tumefunga mkutano leo jioni, jua lingalipo. Kiongozi wa wajumbe alishukuru, kisha akatangaza kwamba mkutano wa mwakani, ule wa nchi nzima, wameamua kuuleta Mtwara. Wajumbe wa Lindi ndio waliotoa hoja. Wa Lindi! Nilimtafuta Mikaeli kwa macho, nikamwona amekumbatiwa na fundi wa Ziwani, wote wawili wanarukaruka.

Kisha Bi Salma akapanda jukwaani bila kuitwa na mtu. "Wageni wetu, kwaherini, mmetuheshimu. Wenyeji, msiondoke. Kesho kutwa Jumamosi ni siku yetu humu, harusi ya mjukuu wangu Amina. Wote mmealikwa, hata wahandisi." Ngoma ikaanza hapohapo, haikungoja Jumamosi.

Nilipotoka, mtaa wa maduka ulikuwa umejaa. Ndizi za kuchoma, kanga zimetandikwa barazani, watu wa Ziwani, wa Ligula, wa Mikindani, wanasukumana na kuombana radhi. Nilikwenda kituoni kupanda basi langu. Rashidi akatoa kichwa dirishani.

"Limejaa, mama! Subiri linalofuata."

Nikasubiri. Linalofuata lilikuja limejaa mpaka ngazini, likapita bila kusimama, abiria wakanipungia mikono.

Nimetembea hadi nyumbani. Josephu alikuwa mlangoni, chakula kimepoa, akauliza kulikoni. Nikamwambia nimekosa nafasi kwenye basi, yote mawili yamejaa.

"Pole sana, mama Stefano."

"Si pole," nikamwambia. "Nipe hongera."